Ng'ombe wa Bwana Lakew na Sinia la Debritu

Naapa kwa Mtakatifu Mikaeli, na wallahi pia, maana hapa Dessie ukiapa upande mmoja tu, upande wa pili hununa: haya ninayoyaandika ni kweli tupu, hayana chumvi hata ya kuonja. Mwenye shaka na aiweke karatasi hii chini sasa hivi akatafute kazi nyingine ya kufanya.

Debritu alikuwa mkuu wa jiko katika shule iliyo chini ya mlima Tosa. Mwili wake ulikuwa mwembamba kama ufito, lakini sauti yake nene kama ngoma ya kanisani. Watoto walimwita Etiye, kama mtu amwitavyo dada yake mkubwa, na hata mkuu wa shule, mtu mzima mwenye mvi zake, alimwita hivyo hivyo njaa ilipombana.

Jiko lake lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo hakuiandika popote kwa sababu aliitangaza kila siku: "Asichoweza kula mmoja, sinia zima halikili!"

Watoto wa Debritu walikula kama watu wa kwetu wanavyokula: injera, ule mkate mpana laini wa nafaka ya teff, imetandikwa juu ya sinia, mchuzi umemwagwa katikati, mikono ya watu saba au wanane inakutana humo humo. Na kila sinia alilipanga yeye mwenyewe, mtoto wa kanisani bega kwa bega na mtoto wa msikitini, mkubwa na mdogo, mtulivu na mtundu. Sasa, palikuwa na mtoto aitwaye Abegaz, tumbo lake halikubali ngano wala shayiri. Saa nne, wenzake walipogawiwa shayiri za kukaanga, yeye ilikuwa apewe dengu. Debritu akawapa dengu sinia zima la Abegaz. Siku ya kwanza walinung'unika. Siku ya pili wakagundua dengu ni tamu kuliko shayiri. Kufikia mwisho wa wiki nusu ya shule ilikuwa imejishika tumbo mlangoni pa jiko, ikidai nayo shayiri inaidhuru.

Jumatano na Ijumaa Wakristo hawagusi siagi wala maziwa, basi shiro yake, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu na pilipili, aliipika kwa mafuta siku zote, ili pasiwe na mtoto wa kuuliza leo ni siku gani. Na nyama? Nyama haikuvuka mlango wa jiko lile. Mnyama aliyechinjwa kwa Bismillahi, Mkristo wa kwetu haumi nyama yake. Aliyechinjwa kwa jina la Baba, Mwislamu wa kwetu hamwangalii mara mbili. Hilo hatugombani. Harusini tunapika vyungu viwili, tunafunga mahema mawili, kisha tunacheza wote katikati mpaka viatu vinaisha soli. Lakini mahema mawili ni ya harusi. Sinia la Debritu lilikuwa moja.

Na kama sheria hiyo ilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa Zemzem. Huyu alikuwa binti wa darasa la tatu, haoni tangu kuzaliwa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko macho ya wengi. Kila mchana alikaa na rafiki yake Birke, binti wa mwimbaji wa kanisani, na Birke alimchorea sinia kwa maneno: "Shiro iko kifuani kwako. Kabichi upande wa dirisha. Viazi vimejificha kwa Abegaz, mpige kiwiko." Zemzem akala bila kumwaga tone, na kila akikunja tonge zuri, la kwanza alimlisha Birke.

Mwaka huo wafadhili wa zamani walimaliza mradi wao, wakapiga picha, wakaondoka. Ghala la jiko likabaki na teff ya wiki chache na panya mmoja aliyekwisha kukata tamaa. Ndipo alipotokea Bwana Lakew.

Bwana Lakew alikuwa na malori yanayokwenda Djibouti na kurudi, na viatu vipya vilivyolia nywii-nywii kila alipokanyaga. Alikuwa amesoma shule hiyo hiyo.

"Etiye," alisema akichungulia sufuria, "nimesikia unawalisha watoto shiro Jumatatu mpaka Ijumaa."

"Jumamosi wanaiota," Debritu akajibu.

"Mimi nilikaa darasa lile pale, karibu na dirisha. Sikukuu zikifika, majirani walipika nyama, na ukuta wa nyumba yetu ulikuwa na nyufa. Harufu niliila yote. Nyama sikuila." Akajikohoza. "Nitakupa teff, mafuta na kuni mwaka huu, na mwaka ujao, na kila mwaka Mungu akinijalia pumzi. Lakini naanza na karamu. Alhamisi ijayo naleta ng'ombe. Naleta na wenzangu wenye malori waone, nao watoe."

Debritu aliangalia ghala. Akamwangalia panya. Mdomo wake ukatoka mbio kabla akili haijavaa viatu.

"Mlete, Bwana Lakew! Kila mtoto atakula!"

Alasiri ile ile akaja Gashe Beyene, mzee wa kanisa, ambaye kisu chake kilikuwa kimefungua karamu zote za upande wa kanisa tangu enzi za mfalme. "Binti yangu, nasikia kuna ng'ombe. Kisu atashika nani?"

Kumpa mzee kisu ni kumpa heshima, na kumnyima ni kumvua kofia mbele za watu. Debritu alikuwa anachuja mafuta. "Nani mwingine, Gashe?" akasema.

Asubuhi yake akapita Haji Endris, mchinjaji wa upande wa msikiti, amembebesha punda wake kuni za jiko, au punda ndiye aliyembeba yeye, sikumbuki. "Dada Debritu, nimesikia habari njema. Kisu?"

Debritu alikuwa anageuza injera. "Nani mwingine, Haji?"

Alikuwa ameshakoroga shiro ya mchana nusu sufuria mwiko uliposimama wenyewe. "Mama yangu nimekufa," akasema.

Wapishi wenzake wakaacha vitunguu. "Nini, Etiye?"

"Ng'ombe mmoja. Visu viwili. Na vyote nimeviita mimi."

Akaenda mbio kwa Bwana Lakew, akamweleza. Bwana Lakew akacheka mpaka akashika mlango wa lori. "Ndiyo hilo tu? Nitaleta ng'ombe wawili! Chungu hiki na chungu kile. Watoto wa kanisani huku, watoto wa msikitini kule. Kama harusini. Nani atalalamika?"

Hakuna aliyelalamika. Mkuu wa shule alishukuru, kamati ya wazazi ikapiga makofi, Gashe Beyene na Haji Endris wakaenda kila mmoja kunoa chake. Debritu peke yake alirudi shuleni hajapiga kofi hata moja. Akachukua karai la majivu, akaanza kuchora mstari katikati ya uwanja, hapo ambapo watoto wangegawanywa.

Birke akaja amemshika Zemzem mkono. "Etiye, unapanda nini?"

"Mstari. Alhamisi mtakula nyama."

"Mimi nitakaa wapi?"

"Huku, kwa chungu cha Gashe Beyene."

"Na Zemzem?"

"Kule. Kwa Haji."

Birke akaupima mstari kwa macho. "Na huko kwa Haji, nani atamwambia kabichi iko wapi?"

"Atapata mtu."

"Nani?"

Debritu akamwaga majivu mahali alipokwisha kuyamwaga.

"Usihangaike, Etiye," Zemzem akasema kwa upole uliouma kuliko tusi. "Mimi nitakaa juu ya mstari na njaa yangu. Nitawasikiliza wote mkitafuna."

"Na mimi nitakaa naye," Birke akasema.

"Wewe una nyama yako, nenda," Zemzem akamwambia.

"Nani kakwambia napenda nyama?"

"Wewe! Jana! Ulisema utakula mpaka uvimbe!"

Wakaendelea kubishana. Debritu akaweka karai chini. Akaiona kesho yao na keshokutwa yao: mstari ukishachorwa mara moja kwa karamu, siku ya pili watoto wangeukumbuka bila majivu, na siku ya tatu wangeulizana nani ni wa wapi kabla ya kukaa. Akavua shali yake, nyeupe ya pamba, na kwa shali hiyo hiyo akaufagia mstari wote, akikohoa, mpaka akawa mweupe kama mzimu wa kinu.

Akampigia simu Bwana Lakew hapo hapo. "Ng'ombe wawili siwataki."

"Unakataa ng'ombe?"

"Nakataa mstari."

Simu ikawaka moto. Bwana Lakew hakuzoea kukataliwa zawadi. "Etiye, mji mzima unasema unajisifia sinia lako. Haya! Ng'ombe mmoja, kama tulivyoanza. Alhamisi nikute nyama siniani, na kila mtoto kwenye sinia lake na wenzake. Nikikosa nyama, au nikikuta watoto wawili wamekaa kando, lori langu halishushi hata gunia. Nalipeleka kwa shule ya ng'ambo ya mto."

Akakata. Debritu akaitazama simu kama mtu aliyeumwa na mkate wake mwenyewe. Nyama siniani, watoto wote siniani: hata malaika asingeweza. Na bila gunia lile, jiko lingefungwa, na Zemzem na Abegaz na wote wangerudi kusoma kwa harufu ya majirani.

Kulipokucha Alhamisi hakuwa na mpango wowote. Lakini mkono wa mpishi haungoji mpango. Aliwasha moto wote, akateleka sufuria zote, akakaanga vitunguu vya kutosha kuufanya mji mzima uulizane unalilia nini. Ng'ombe alikuwa uani, amefungwa kwenye nguzo ya bendera. Ng'ombe mwekundu mkubwa, jina lake Dama. Alikuwa amelima na kupura maisha yake yote kabla hajauzwa, na aliutazama uwanja wa shule kwa dharau ya mfanyakazi anayeona watu wamekaa bure.

Kabla jua halijagusa Tosa, Gashe Beyene aliingia kwa lango la mashariki, kisu ndani ya koti. Haji Endris akaingia kwa lango la magharibi, kisu ndani ya kanzu. Kila mmoja alikuwa amewahi ili amalize kabla mwenziwe hajaamka.

"Beyene! Umepotea njia ya kanisa?"

"Endris! Msikiti umehamia hapa?"

"Nimepewa kisu na Debritu."

"Mimi nimepewa kabla yako."

"Kabla ya lini?"

"Kabla hujazaliwa!"

"Tumezaliwa wiki moja, mwongo wee! Mama yangu ndiye aliyekunyonyesha!"

Huku wanagombana, mmoja alifungua fundo la kamba upande wake, mwingine akafungua la upande wake, kila mmoja akitaka kumgeuza ng'ombe aelekee anakotaka yeye. Na ng'ombe asiye na fundo hata moja si wa mtu.

Hapa ndugu msomaji shika kofia yako. Dama alishusha kichwa, akapumua vumbi, akaruka. Aliruka ukuta wa shule bila kugusa jiwe. Alikata soko la Jumatatu, ingawa ilikuwa Alhamisi, akatoka na tenga la vitunguu kwenye pembe ya kulia na mwavuli wa padri kwenye pembe ya kushoto. Askari wa barabarani alimpigia saluti kwa mkanganyiko. Mbele yake ukatokea ukuta wa benki, mrefu wenye vioo vya chupa juu. Dama akauruka kama mbuzi, akatua upande wa pili, na walinzi walioshuhudia hawajarudi kazini mpaka leo. Nyuma yake Gashe Beyene, nyuma ya Gashe Beyene Haji Endris, nyuma ya Haji Endris watoto wote, ambao hamu ya karamu iliwaamsha alfajiri, na nyuma ya watoto Debritu na mwiko wake, analia na kucheka kwa pamoja.

Akashuka bondeni, mpaka kwenye uwanja wa kupuria nafaka chini ya shule. Mkulima alikuwa ametandaza teff yake chini, na ng'ombe wake wanaizunguka wakiikanyaga ipukutike. Dama alipoona duara lile akapunguza mwendo. Akaingia. Akashika nafasi yake nyuma ya wenzake, akaanza kuzunguka kama mtu aliyechelewa kazini na hataki kuulizwa.

Gashe Beyene alifika ukingoni, kisu mkononi, akasimama ghafla kama amefika pwani. Haji Endris akamgonga mgongoni, naye akasimama.

Maana jambo moja wakulima wa kwetu wanalijua, wa kanisani na wa msikitini: ng'ombe aliyeingia kwenye duara la kupuria haondolewi nafaka ikiwa chini ya miguu yake. Ukimwondoa, baraka inaondoka naye, na mwakani utavuna makapi. Na kisu hakiingii pale kabisa.

"Endris," akasema Gashe Beyene akihema.

"Naam."

"Ameingia mwenyewe."

"Nimeona."

"Teff ile si ya kumalizika leo."

"Haimaliziki leo." Haji Endris akakirudisha kisu ndani ya kanzu. "Na mkulima yule yuko peke yake, maskini."

Wakatazamana. Wazee wale wawili wakavua viatu, maana duara halikanyagwi kwa viatu, wakakunja suruali, wakachukua kila mmoja fimbo, wakaingia kuwaswaga ng'ombe, wakaanza kubishana upya nani anaimba vibaya zaidi wimbo wa kupuria.

Debritu alisimama ukingoni akitweta. Nyama haipo. Haitakuwepo. Akangoja moyo uanguke, na moyo, badala ya kuanguka, ukapiga kigelegele. Akageuka kwa watoto.

"Mnatazama nini? Masinia! Leo kila mtu sinia lake, kama jana!"

Ah, shiro ya siku ile! Nimeshakula kwenye harusi za matajiri, nimekula kwa watu waliosoma kupika, sijaona. Sufuria zilichemka mpaka vifuniko vikapiga muziki. Injera zilizotoka siku ile zilikuwa nyepesi, ilibidi wapishi waziwekee viazi juu zisipeperuke. Kabichi, viazi, dengu nyekundu, majani ya sukuma, kila kitu kwa mafuta, hakuna ngano, hakuna siagi, hakuna swali. Watoto wakaketi uwanja mzima, mahali ulipokuwa mstari pamekaliwa na sinia la Zemzem, kwa makusudi kabisa.

Ndipo lori likaingia. Bwana Lakew akashuka, nywii-nywii, na wenzake matajiri nyuma yake wamevaa miwani. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Etiye. Ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Anapura teff bondeni. Bwana Lakew, ng'ombe wako ana bidii kuliko nusu ya mji huu."

Matajiri wakakohoa ndani ya vitambaa. Masikio ya Bwana Lakew yakawa mekundu. "Nilisema nyama siniani."

"Ulisema."

"Hakuna nyama."

"Hakuna." Debritu akashika mwiko kwa mikono miwili. "Lakini ulisema pia usikute watoto wamekaa kando. Tafuta mmoja. Ukimpata, peleka teff yako ng'ambo, na mimi nitakusaidia kupakia."

Bwana Lakew akapita katikati ya masinia, anatazama huku na huku. Alifika katikati ya uwanja, hajapata mtu. Lakini alikuwa amezoea kutokushindwa. Akamgeukia dereva wake. "Washa gari."

Injini ikanguruma. Debritu akafumba macho.

"Nani amesimama juu ya sinia letu?" ilikuwa sauti ya Zemzem. "Viatu vyake vinalia kama kuku aliyekanyagwa."

"Nyamaza," Birke akanong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka langoni. "Ni mgeni."

"Amekula?"

"Hajala."

"Basi mbona amesimama?"

"Zemzem, ni bwana mkubwa."

"Bwana mkubwa hana mdomo?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko, na kabla hakijatulia Zemzem alikwisha kukata injera, akachovya shiro, akaongeza kiazi alichomnyang'anya Abegaz, akakunja tonge la haja, akalinyanyua hewani. "Fungua."

Sasa, kwetu mkono wa tonge hauachwi hewani. Tajiri, maskini, mwenye hasira, mwenye haraka, tonge likinyanyuliwa kwako unainama. Bwana Lakew akainama. Zemzem akazitafuta ndevu zake kwa mkono wa kushoto, akaupata mdomo, akamlisha.

"Asante, mwanangu," Bwana Lakew akasema, akataka kunyanyuka.

"Moja!" sinia zima likapiga kelele. "Moja ni ugomvi!"

Ndivyo isemwavyo kwetu: tonge moja ni ugomvi, mawili ni utengano, la tatu ndilo urafiki. Birke akamlisha la pili. "Utengano!" wakapiga kelele, sasa masinia ya jirani nayo. Kwa tonge la tatu Abegaz ilibidi asimame, naye alikunja tonge kubwa kama ngumi, kwa kulipiza kisasi cha kiazi chake. Bwana Lakew akakaa chini kabisa, vumbini, na suti yake, kwa sababu mtu hawezi kutafuna kitu kama kile amesimama.

Alitafuna muda mrefu. Kisha akaonyesha sinia kwa kidole. "Humu, nani hali nini?"

"Mimi sili nyama ya Haji," akasema Birke.

"Mimi sili ya Gashe Beyene," akasema Zemzem.

"Mimi sili ngano wala shayiri," akasema Abegaz.

"Mimi sili kabichi," akasema mdogo mmoja asiye na meno ya mbele, "ila Etiye anasema hiyo si sababu."

"Na wewe?" Zemzem akamgeukia. "Usichokula ni nini? Tukijua, kesho hatuli."

Bwana Lakew akaangalia shiro. "Nilidhani ni shiro," akasema, akakata kipande kingine cha injera.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Bosi, injini nizime?"

Bosi mdomo ulikuwa umejaa, akapunga mkono tu. Dereva akazima, akashuka, akatafuta sinia lenye nafasi. Matajiri kuona hivyo, miwani ikaingia mifukoni, wakachuchumaa kila mmoja alipo. Mmoja alilishwa na watoto mpaka akaomba msamaha kwa makosa ambayo hakuyatenda.

Bwana Lakew aliponyanyuka hatimaye, akaenda yeye mwenyewe nyuma ya lori, akafungua. "Mnangoja nini? Shusheni!" Magunia yakashuka, akina baba wa upande huu wakipokezana na akina baba wa upande ule, teff ikapanda ndani ya ghala mpaka darini. Panya yule akahama, kwa kukosa hata nafasi ya kugeukia. Na matajiri wale, mmoja akaahidi mafuta, mwingine kuni, wa tatu paa jipya la jiko, kwa sauti kubwa ili wenzake wasikie.

Jioni ilipokuwa inaanza kulegea, Gashe Beyene na Haji Endris wakapanda kutoka bondeni, miguu mitupu, makapi kichwani, Dama katikati yao. Walikuwa na njaa ya watu waliofanya kazi. Debritu akawapa sinia moja. Wakala, wakibishana.

"Ng'ombe huyu," akasema Bwana Lakew, "nani atamchinja?"

Wazee wakaangaliana. "Nani anachinja ng'ombe anayejua kazi namna hii?" akasema Haji.

"Shule ina shamba kule nyuma limelala," akasema Gashe Beyene. "Alime. Dengu zinataka mtu."

"Basi ni wa shule," akasema Bwana Lakew.

Debritu akapanda juu ya magunia yaliyobaki nje, akapiga kigelegele. Kigelegele gani! Vioo vya madirisha ya manispaa vilipasuka, wingu lililokuwa juu ya Tosa likahama, na ng'ombe wote bondeni wakasimama wima, isipokuwa Dama, ambaye alikuwa anatafuna majani ya sukuma kutoka mfukoni mwa Zemzem.

Hapo ndipo nilipofika, mimi mzee wa posta, nikisoma haya kwa sauti nyumbani kwa Bi Toyiba anayeuza kahawa, na nyumba imejaa, na mimi nimeinua kidole juu kwa ajili ya lile wingu, niliposikia mtu anacheka nyuma yangu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Haji Endris.

"Aliruka ukuta wa benki? Dama?"

"Aliruka," nikasema, ila sauti haikuwa ile ya mwanzo.

"Mzee wa posta, Dama ana goti bovu tangu akiwa ndama! Hawezi kuruka mfereji wa maji machafu! Alitembea. Polepole. Kama bibi anayekwenda kliniki."

"Kama alitembea," akauliza mtu, "mbona hamkumkamata?"

Haji akainamisha kichwa. Pembeni yake Gashe Beyene akajibu kwa heshima zote: "Kila nikinyoosha mkono kushika kamba, huyu alinivuta koti. Kila yeye akinyoosha mkono, mimi nilimvuta kanzu. Tukamfuata hivyo hivyo mpaka bondeni, na shule nzima nyuma yetu inakufa kwa kicheko."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, na nilijua hilo ni bora kuliko ukuta wangu wa benki, na hilo ndilo lililoniuma.

"Na vioo vya manispaa?" Debritu akasema kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Vilipasuka kwa mvua ya mawe, mwaka mwingine kabisa."

Nikasema wingu, jamani, wingu lilihama. Hakuna aliyenisikia. Hukumu ikatoka kwa kauli moja, ya kanisani na ya msikitini: mwongo alipe kahawa ya nyumba nzima, raundi zote tatu kama desturi, na bisi juu yake. Bi Toyiba, ambaye hajawahi kunipenda, akatoka nje akaita na waliokuwa wakipita njiani.

Nikalipa. Raundi ya tatu ilipokwisha Gashe Beyene akageuza kikombe chake akaomba ya nne. Akasema hiyo ni ya ule mwavuli wa padri.